Nembo Aliyoifumua Shangazi

Sare zote za shule ya mtaa wetu zilishonwa na shangazi yangu, tangu kabla sijazaliwa. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana: cherehani mbili nyeusi zilizotazamana, meza pana ya kukatia, pasi ya umeme yenye waya uliozungushiwa kitambaa, na kamba iliyovuka chumba kutoka dirishani hadi mlangoni, imetundikwa sketi za buluu na mashati meupe ya watoto wa watu. Ukiingia ulipaswa kuinama, la sivyo ulipigwa kofi na mkono wa shati.

Watu walimwita Mama Rula, kwa sababu ya rula ya mbao aliyotembea nayo kwapani, na kwa sababu nyingine ambazo aliyemjua hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ingawa mtoto wake wa pekee alikuwa ametoka shuleni zamani. Kila mwaka alijiuzulu na kila mwaka walimrudisha, maana hakuna mwingine aliyetaka kazi ya kumwambia muuza nyama kwamba mwanawe amefukuzwa kwa utoro.

Alikuwa na utaratibu mmoja wa kazi ambao sijauona kwa fundi mwingine. Sare aliishona yote kwa mashine, akaipiga pasi, akaikunja. Lakini nembo ya shule, ile ngao ndogo ya njano yenye kitabu katikati, aliishona kwa mkono, mwisho kabisa, mtoto akiwa amesimama mbele yake na shati mwilini. "Tulia, nisije nikakuchoma moyo," alikuwa akisema huku sindano ikiingia na kutoka. Akimaliza alikata uzi kwa meno, akamtazama mtoto usoni. "Haya. Sasa wewe ni wa shule. Ukifanya upuuzi barabarani, umeufanya ukiwa umevaa jina la wenzako."

Na mtoto akifukuzwa, mzazi alileta lile shati, Shangazi akaifumua nembo kwa wembe, uzi kwa uzi, akalirudisha shati likiwa jeupe tupu. Shule haikuwa na sheria hiyo. Aliitunga mwenyewe, na mtaa mzima ukaikubali kana kwamba imeandikwa kwenye katiba ya nchi.

Kila uchaguzi alipiga kura kwa chama kile kile, chama cha wale wanaohubiri nidhamu, familia na heshima kwa wakubwa. Mimi, tangu niingie chuoni, nilikuwa upande wa pili, upande wa wale wanaotaka milango ifunguliwe. Nikija kumsalimia alikuwa akiita kwa sauti nikiwa bado barabarani, "Mwanasiasa wetu huyo anakuja, ficheni mila zenu!" Kisha aliitikia shikamoo yangu, akanipa pasi niendelee kunyoosha mashati. Tulibishana huku mvuke wa pasi ukipanda kati yetu. Tulipendana sana, na sikukubaliana naye karibu katika jambo lolote.

Mwaka huo serikali ilitoa agizo kwamba msichana aliyezaa akiwa mwanafunzi anaweza kurudi darasani, ikiwa kamati ya wazazi ya shule yake itakubali. Agizo la woga, nilisema wakati ule, na hadi leo nasema hivyo. Haki ya mtoto kusoma haikupaswa kuachwa mikononi mwa majirani zake. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na wa kwanza kulijaribu katika shule yetu alikuwa binti wa fundi baiskeli.

Alikuja kwa Shangazi na baba yake asubuhi moja ya Jumamosi. Nilikuwa pale nakata uzi. Fundi baiskeli alikuwa amenawa mikono mpaka ngozi imekwaruzika, lakini grisi ilibaki kwenye mistari ya vidole, naye akaificha nyuma. Binti alisimama wima. Alikuwa amezaa miezi michache nyuma. Mtoto alikuwa nyumbani kwa bibi. Alibakiza mwaka mmoja tu afanye mtihani wa mwisho, na walimu wote walijua kwamba angefaulu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtoto anakunywa vizuri?"

Binti alishangaa. Hakutarajia swali hilo. "Anakunywa, Mama. Usiku ndiyo balaa."

"Mlaze kwa ubavu. Njoo nikupime."

Alimpima mabega, kifua, kiuno, akanitajia namba nikaziandika kwa chaki mezani. Hakumgusa kwa ukali wala kwa huruma ya kujionyesha. Alimpima kama alivyowapima wote. Fundi baiskeli akapata moyo. "Kwa hiyo, Mama, na nembo utamshonea?"

Shangazi alining'iniza tepu shingoni. "Sare nitashona. Sare ni kitambaa. Nembo ni mpaka kamati iamue."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi ni mwenyekiti. Nitasema siku ya kusema."

Walipotoka sikuweza kujizuia. Nilimwambia kwamba alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba kamati ingegawanyika, na wengi wangetazama mkono wake kabla ya kunyoosha wao. Bila yeye binti yule angebaki nyumbani akiwa na akili zake zote. Nilimwambia kwamba kijana aliyempa mimba anacheza mpira uwanjani kila jioni na nembo yake kifuani, hakuna aliyemfumulia kitu.

"Hilo ni kweli," alisema. "Na ni uchafu."

"Basi?"

"Basi yule kijana naye atoke. Siyo kwamba huyu aingie." Alikalia kiti cha cherehani, akaweka mguu kwenye pedali bila kuikanyaga. "Wewe unamwona huyu mmoja aliyesimama hapa. Unamwona vizuri, sikulaumu. Mimi nawaona na wale wengine. Kuna msichana wa darasa lile anayefuatwa kila siku na mwenye duka la simu, anaahidiwa hiki na kile, naye anakataa. Unajua anakataa kwa nini? Kwa sababu anajua akianguka nembo inatoka. Hiyo hofu ndiyo fimbo yake ya kujitetea. Ukimwondolea, umempa nini badala yake?"

"Polisi, Shangazi. Mwenye duka la simu anapaswa kuogopa, siyo yeye."

"Polisi wako wako wapi?"

Sikuwa na jibu zuri, kwa hiyo nilitoa jibu refu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pasi inaunguza."

Chuoni tulifundishwa, au labda tulifundishana wenyewe kwenye vibaraza vya mabweni, kwamba mhafidhina ni mtu anayeogopa mabadiliko. Neno hilo halikumtosha Shangazi hata kidogo. Alichokibeba kilikuwa ni uaminifu kwa wale waliotii. Kwake, kanuni ilikuwa ahadi ambayo watu wengi wameilipia, na ukiivunja kwa ajili ya mmoja umewafanya wote waliolipa kuwa wajinga. Mimi nilitazama nani anaumia. Yeye alitazama nani amevumilia. Tulikuwa tunatumia neno lile lile, haki, na kila mmoja aliona mwenzake analichezea.

Na alikuwa na sababu nyingine, ambayo mtaa wote uliijua na hakuna aliyeitaja mbele yake.

Binti yake, ambaye mimi namwita Dada, alipata mimba akiwa mwaka wa mwisho katika shule ile ile. Shangazi alikuwa tayari mwenyekiti. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba mambo yanaweza kufunikwa. Mtoto aumwe kidogo, aende kwa ndugu, arudi. Shangazi alikataa. Aliwaita wanakamati, akatangaza mwenyewe. Jioni ile alimkalisha Dada mezani, akachukua shati, akaifumua nembo mbele yake kwa wembe ule ule. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nikilala kwake siku hizo mama alipokuwa hospitali. Namkumbuka Dada akisema, "Mama, mimi ni mwanao," na Shangazi akijibu bila kuinua macho, "Na wale wengine walikuwa wana wa nani?"

Mtoto wa Dada alifariki kabla ya kutimiza mwaka. Dada akahamia mji mwingine, akapata kazi ya kusafisha vyumba hotelini. Alipiga simu sikukuu kwa sikukuu, akauliza afya, akaaga. Nyumbani alikuja kwenye misiba tu.

Wiki ya mkutano Shangazi hakulala vizuri. Nilijua kwa sababu mishono ilimkosea, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Siku mbili alifumua kola ile ile. Kisha mchana mmoja, tukiwa wawili tu, aliniambia nimpigie Dada, nimwekee simu mezani kwenye spika, maana mikono yake ilikuwa imeshika kitambaa.

Dada aliitikia, nyuma yake kukisikika magurudumu ya toroli la mashuka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Shangazi alisema. "Nataka kukuuliza kitu."

Akamweleza habari ya binti wa fundi baiskeli, yote, kwa utaratibu, kama anayetoa taarifa ya kamati. Agizo, kura, mtihani. Mwishoni akasema, "Nataka kujua wewe unaonaje."

Mimi nilikuwa nimeshajua atakachosema. Nilikuwa nimeshafurahi.

"Unaniuliza mimi," Dada alisema.

"Nakuuliza wewe."

"Mama, unajua mimi nimeishi vipi miaka yote hii? Nimejiambia kwamba hukuwa na njia. Kila nikikumbuka ile meza, nasema, Mama angefanya nini, ndiyo ilikuwa sheria, hata angekuwa mtoto wa rais. Hiyo ndiyo inayonisaidia kuamka niende kazini. Leo unanipigia kuniambia njia ipo? Kwamba watu wanakaa, wananyoosha mikono, basi, mtoto anarudi?" Toroli lilisimama. "Kama yeye anaweza kurudi, mimi nilitolewa kwa ajili ya nini?"

Shangazi aliishusha kola mezani.

"Nina vyumba vya kumaliza," Dada alisema, akakata.

Nilianza kuzungumza. Nilisema Dada amejeruhiwa, kwamba jeraha la mtu mmoja haliwezi kuwa sababu ya kumjeruhi mwingine. Shangazi alinyoosha kiganja kunizuia, kama anavyozuia gari kwenye kivuko cha watoto. "Baba," alisema, "leo usinihutubie." Akarudi kwenye ile kola.

Mkutano ulikuwa darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa vidari. Wasiokuwa wanakamati tulisimama nyuma. Fundi baiskeli alipewa dawati karibu na mlango. Bintiye alibaki nje, kwenye ngazi, kwa sababu kanuni za kamati hazikumruhusu kuingia. Mwalimu mkuu, mwanamke mgeni aliyeletwa mwaka ule, alisoma agizo, kisha akasema kwa ufupi kwamba angependa mwanafunzi wake arudi.

Muuza nyama alisimama. Jina lake la mtaani lilikuwa Kilo Kamili, jina alilojipa mwenyewe. "Mimi sina chuki na mtu," alisema. "Lakini shule ikianza kupokea wazazi kama wanafunzi, basi na mimi nijiandikishe, maana hesabu zilinishinda."

"Hilo tunalijua, kila mwenye mizani nyumbani analijua," kinyozi alisema kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko. Hata fundi baiskeli alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka kwa nini yuko pale.

Waliongea wengi. Mmoja alisema ni dhambi, mwingine akasema dhambi ni kumwacha mtoto aozee nyumbani. Kinyozi alisema neno ambalo nililitamani liwe langu: kwamba tunawafundisha wasichana wetu kuwa kosa moja linatosha kuwamaliza, kisha tunashangaa kwa nini wanatuficha kila kitu.

Kwa desturi ya kamati ile, mwenyekiti husema sababu yake mbele ya wote kabla mikono haijanyooshwa. Shangazi alisimama, rula kwapani. Alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Binti huyu ana akili," alisema. "Nimempima mwenyewe. Sina neno baya juu yake. Lakini kuna waliotolewa hapa kabla yake, na mmoja wao alitoka nyumbani kwangu. Mikono iliyowatoa ni hii. Siwezi kunyoosha mkono huu leo kusema kwamba waliotoka walitoka bure. Nitasema hapana. Kila mtu aseme lake, asitazame langu."

Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, akiwatazama wanakamati mmoja mmoja: "Nimesema msitazame langu."

Nilichukia. Nilimchukia shangazi yangu pale nyuma ya darasa, kwa muda ambao ilichukua mikono kupanda na kushuka. Kisha mwalimu mkuu akahesabu, akahesabu tena, na waliosema ndiyo walikuwa wengi. Kidogo tu, lakini walikuwa wengi. Walikuwa hawajamtazama. Fundi baiskeli alitoka mbio, akasahau kiatu kimoja chini ya dawati.

Shangazi alitangaza matokeo kwa sauti ile ile ya kila mkutano. "Kamati imeamua. Mwanafunzi atarudi Jumatatu."

Nilidhani hapo ndipo mchango wake ulipoishia. Jumapili alasiri alimwita binti, akamvisha shati, akaishona nembo kwa mkono, taratibu, akakata uzi kwa meno. "Haya. Sasa wewe ni wa shule," alimwambia, na maneno mengine yote kama kawaida. Hakupunguza hata moja.

Jumatatu Kilo Kamili alisimama langoni na wazazi wengine kadhaa, wamezuia njia. Binti alikuwa upande wa barabara, mkoba kifuani kama ngao. Mimi nilikuwa nimefika na hotuba tayari kichwani. Shangazi alinipita.

"Wewe," alimwambia muuza nyama. "Ulipiga kura?"

"Nilipiga, Mama Rula, na wewe ulipiga pamoja nami!"

"Tulishinda?"

"Tulishindwa, lakini..."

"Kwenye duka lako, mteja akisema kilo siyo kilo kwa sababu yeye haikumpendeza, unamwambiaje?"

"Hayo ni mambo mengine."

"Ni yale yale. Kamati ikisema atoke, mtoto anatoka, hata akiwa wangu. Kamati ikisema aingie, anaingia, hata kama mimi nilisema hapana. Ukitaka kamati iwe na nguvu siku unayoipenda tu, basi hukuwahi kuitaka." Akamgusa kifuani kwa ncha ya rula, si kwa nguvu. "Sogea. Kengele inalia."

Alisogea. Simwamini mtu anayesema angesogea kwa ajili yangu. Sisi wenye maneno tungebishana naye mpaka saa ya mapumziko, na binti angerudi nyumbani analia. Lango lilifunguliwa na mwanamke aliyepinga lifunguliwe, na kwa sababu alipinga, na kila mtu pale alijua kwamba hajidai. Bado naamini kura yake ilikuwa mbaya. Nitaamini hivyo mpaka nizikwe. Lakini tangu siku ile, nikisikia wenzangu wa upande wa mabadiliko wakisema watu kama yeye ni ukuta tu wa kubomoa, nawauliza ni nani atakayesimama langoni siku ya pili yake.

Dada alipata habari kwa njia zake. Alipiga simu katikati ya wiki, na Shangazi akaniashiria niiweke mezani kama mara ile, ingawa safari hii mikono yake ilikuwa mitupu.

"Nasikia amerudi," Dada alisema.

"Amerudi."

"Ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha. Wa hapana."

Mlango ulifungwa upande wake. Nilidhani amekata.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Ulisema..."

"Najua nilichosema!" Sauti ilipasuka. "Nilisema kwa uchungu, Mama. Nilikuwa nimeshika mashuka ya watu, nimesimama koridoni, unaniuliza habari ya mtoto wa mwingine. Hukupaswa kunitii. Ulipaswa kuniomba radhi. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri, siyo kura yako. Umekosea mara mbili, sasa. Kwangu, na kwa binti yule."

Shangazi aliinamia simu kama anayetafuta tundu la sindano apitishe uzi. "Nilidhani nikikubali, nitakuwa nimekutupa tena," alisema.

"Ulikuwa umeshanitupa. Ulibakiza kuniokota."

Sijawahi kumwona shangazi yangu akilia, na hata siku ile sikumwona, kwa sababu alinigeuzia mgongo. Nilisikia tu akianza kusema, "Mwanangu, naomba..." na Dada akimkatiza upesi, kwa sauti iliyobadilika, karibu ya woga.

"Siyo kwenye simu. Usiseme kwenye simu. Nakuja Jumamosi. Utaniambia usoni."

Alikuja. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza mvi mbele, na mlangoni hakuinama, akapigwa kofi na mkono wa shati. Hakucheka. Shangazi alinitazama, nami nikaelewa, nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa barazani. Nilisikia sauti ya Dada ikipanda, ikishuka, ikipanda tena, ikitaja jina la mtoto wake aliyekufa, jina ambalo lilikuwa halijatamkwa katika nyumba ile kwa miaka. Nilingoja nimsikie Shangazi akijitetea, maana nilizijua hoja zake zote kwa moyo. Hakujitetea.

Wakiwa bado humo, binti wa fundi baiskeli alitokea barabarani na sketi mkononi, zipu imeharibika.

"Fundi yupo?"

"Yupo, lakini rudi kesho. Ana mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mwanawe," nilisema.